Kundi la Guy: kwa nini sura iliyo kwenye jalada la 1988 si ile tunayoiona kwenye video, na kwa nini walivunjika mapema?

Mwanakanda aliuliza:

Wanajukwaa, habari zenu. Nimekuwa nikisikiliza upya albamu ya kwanza ya kundi la R&B la Marekani liitwalo Guy, ile yenye jina la kundi lenyewe iliyotoka Juni 1988 kupitia kampuni za rekodi za Uptown na MCA, na yapo mambo mawili ambayo ningependa wenye ufahamu wanieleweshe.

La kwanza ni dogo, lakini limenikaa kichwani. Kwenye jalada wamepigwa picha vijana watatu, nao ni Teddy Riley, mtayarishaji wa muziki wao, Aaron Hall, mwimbaji wao mkuu, na mwenzao mmoja. Nikitazama video za nyimbo za albamu hiyohiyo, kwa mfano ile ya "I Like", yule wa tatu hayupo, na mahali pake amesimama mtu mwingine kabisa, anayeimba na kucheza kana kwamba amekuwapo tangu siku ya kwanza.

La pili ni kubwa zaidi. Kila ninapokutana na maelezo ya historia ya new jack swing, Guy hutajwa kuwa ndio waliouweka mtindo huo katika umbo lake kamili, yaani sauti za uimbaji wa kanisani juu ya midundo ya hip hop. Iweje kundi la namna hiyo litoe albamu mbili tu, 1988 na 1990, kisha lisambaratike wakati mtindo wenyewe ungali unatamba? Wapo wanaosema kwamba walipitwa na wakati, lakini hesabu ya miaka inakataa. Dangerous ya Michael Jackson, ambayo Riley alishiriki kutayarisha nyimbo zake saba kati ya 14, ilitoka Novemba 1991, na ni katika kipindi hichohicho Guy walikuwa wanaachana. Mtindo uliokwisha usingefuatwa na Michael Jackson.

Naomba majibu yenye maelezo. Ubishi wa nani anaimba kumshinda nani tuuache kwa leo.

BabaRekodi alijibu:

Ndugu Mwanakanda, umeuliza vizuri, na ukiyatazama kwa makini utaona kwamba maswali yako mawili yana mzizi mmoja.

Yule wa tatu kwenye jalada ni Timmy Gatling. Yeye na Riley walikuwa pamoja tangu utotoni huko Harlem, New York, na kabla ya Guy walikuwa katika kundi la vijana lililoitwa Kids at Work, lililotoa albamu 1984 bila kupata mafanikio makubwa. Gatling ndiye aliyemleta Aaron Hall kwa Riley, kwa hiyo mtu anayesahaulika kuliko wote katika hadithi hii ndiye aliyelikamilisha kundi. Aliandika na kuimba katika albamu ile ya kwanza, picha ya jalada ikapigwa, lakini kazi ilipofikia hatua ya kuingia sokoni alikuwa amekwisha kuondoka. Nafasi yake ikachukuliwa na Damion Hall, mdogo wake Aaron, na huyo ndiye unayemwona kwenye video na baadaye katika ziara zote. Gatling hakupotea katika muziki, kwani alitoa albamu yake mwenyewe iliyoitwa Help, tena alishiriki kuandika na kutayarisha "Promises, Promises" ya Christopher Williams, wimbo ambao mpenzi yeyote wa R&B ya wakati ule anaufahamu.

Sasa tuje kwenye mzizi wenyewe. Msimamizi wa kundi alikuwa Gene Griffin, mtu aliyekuwa na Riley tangu siku za Kids at Work. Ukisoma maandishi madogo ya albamu ya 1988, utaliona jina lake katika utunzi na katika utayarishaji, mahali ambapo leo wengi wangetegemea kuona jina la Riley likiwa peke yake. Mfano unaotajwa zaidi hata haumo katika albamu ya Guy, nao ni "My Prerogative" ya Bobby Brown, uliofika nafasi ya kwanza Marekani mwanzoni mwa 1989. Jina la mtayarishaji lililoandikwa pale ni la Griffin, na Riley amesimulia kwa miaka mingi kwamba kazi ya kuupiga na kuujenga wimbo ule aliifanya yeye. Riley alizaliwa Oktoba 1967, kwa hiyo mambo haya yalipokuwa yakitendeka alikuwa na umri wa miaka 20 na ushei. Kijana wa umri huo, mwenye kipaji cha kutengeneza nyimbo zinazoshika chati moja baada ya nyingine, na mkataba ambao hakuuandika yeye: hapo huhitaji kutafuta mbali sababu ya mvurugano. Waliachana na Griffin kabla ya albamu ya pili, na mgogoro wa fedha na haki za nyimbo ukafuata.

Wengi hulieleza anguko la makundi kwa tabia za waimbaji, nani alijisikia, nani alichelewa mazoezini. Kwa maoni yangu, katika habari ya Guy mambo ya mikataba na majina yaliyoandikwa kwenye jalada yanaeleza zaidi kuliko tabia ya mtu yeyote.

Dada_Sauti alijibu:

Nakubaliana na BabaRekodi katika habari ya mikataba, lakini naomba tusije tukalizungumzia kundi la waimbaji kana kwamba lilikuwa karakana ya midundo tu. Watu husema "Guy ya Teddy Riley". Mimi nafundisha kwaya, na kila nikiisikiliza albamu ile nasikia kwanza Guy ya Aaron Hall.

Chukua "Piece of My Love". Haukutolewa kama wimbo wa pekee, ulibaki ndani ya albamu, lakini redio za R&B za Marekani zikaupiga hata ukawa miongoni mwa nyimbo zao zinazojulikana zaidi hadi leo. Maudhui yake ni magumu kidogo, kwa sababu mwanamume anamwambia mwanamke waziwazi kwamba hawezi kumpa penzi lote, atosheke na kipande. Maneno kama hayo yakiimbwa na mtu mwenye sauti ya majivuno yangechukiza. Hall anaanza chini, karibu na kunong'ona, akiyaacha maneno yaburute nyuma ya pigo, na sehemu kubwa ya ubeti haonyeshi nguvu alizonazo. Anazitoa kidogokidogo. Neno moja analizungusha juu ya noti kadhaa kama muumini anayeshuhudia mbele ya kanisa, na waitikiaji nyuma yake wamepangwa kwa sauti za karibukaribu, laini, ili yeye apate mahali pa kuangukia. Kufika mwisho wa wimbo hafuati tena muziki ulioandikwa, bali anajibizana na waitikiaji kadiri roho inavyomtuma. Huo ni uimbaji wa kanisa la Waamerika weusi, wala si jambo la mashine. Mtayarishaji anaweza kukupa nafasi ya kuufanya, lakini hawezi kukufanyia.

Ni kweli kwamba Hall alishutumiwa kwa kufanana mno na Charlie Wilson, mwimbaji wa kundi la The Gap Band lililowatangulia, na asiyeusikia mfanano huo katika namna anavyopandisha sauti na kuikunja ghafla hajasikiliza vizuri. Mimi siuoni kuwa kosa. Katika uimbaji wa aina hii mtu hujifunza kwa kumfuata aliyemtangulia mpaka aipate njia yake, na kinachonifurahisha ni kwamba Wilson mwenyewe, katika albamu yake ya 2005, aliimba upya "Let's Chill" ya Guy. Mwalimu akiuchukua wimbo wa mwanafunzi wake na kuuimba kwa heshima, mjadala wa nani kamwiga nani sioni kama una faida tena.

Kwa hiyo, kaka Mwanakanda, kwa swali lako la pili ningeongeza jambo moja. Kundi lilikuwa na watu wawili wenye uzito sawa, mmoja kwenye mitambo na mmoja kwenye kipaza sauti, na mmoja tu kati yao ndiye aliyekuwa akiitwa na kila kampuni ya rekodi mjini.

FundiMitambo alijibu:

Dada amesema kweli kuhusu sauti, nami sitabishana naye. Lakini kwa kuwa swali limegusa "umbo kamili" la mtindo, afadhali tuseme umbo lenyewe ni lipi, maana wengi hulitaja bila kulieleza.

Chukua pigo moja la wimbo uligawe vipande vinne. Katika muziki mwingi wa dansi uliotengenezwa kwa mashine za ngoma katikati ya miaka ya 1980, vipande hivyo vinne vilikuwa sawasawa, na ndiyo maana nyimbo nyingi za kipindi kile zinasikika zimesimama wima. Riley alichelewesha kidogo kipande cha pili na cha nne, hivyo matoazi yakawa yanayumba, karibu na ile namna ya kuyumba ya wapigaji wa jazi, huku ngoma ndogo ya pigo la pili na la nne ikibaki palepale, ngumu, yenye mlio mkali uliokatwa ghafla. Mwili unasikia vitu viwili kwa pamoja: kitu kinachoyumba na kitu kisichoyumba. Nyimbo nyingi za mtindo huu zina kasi ya mapigo 100 hadi 115 hivi kwa dakika, yaani za kuchezeka bila kukimbia, na hapo mwimbaji anapata nafasi ya kuyavuta maneno kama Dada_Sauti alivyoeleza.

Msikilize "Groove Me" kwa masikio hayo. Kinanda hakipigi mfululizo wa sauti za kusindikiza kama katika R&B ya miaka ya nyuma, bali kinapiga vipande vifupi, vya kushtua, katikati ya nafasi zilizoachwa na ngoma, na besi yenyewe ni ya kinanda. Sauti za Hall na wenzake zinajaza kilichobaki. Kila kitu kina nafasi yake na hakuna kinachomkanyaga mwenzake. Kisha sikiliza "Teddy's Jam", ambao kwa sehemu kubwa ni wa ala na vibwagizo, uone jinsi mpangilio uleule unavyoweza kusimama wenyewe.

Riley alikuwa amekwisha kujaribu hayo kwa wengine kabla ya Guy. "I Want Her" ya Keith Sweat ilitoka 1987, na Oktoba mwaka huohuo mwandishi Barry Michael Cooper alichapisha katika gazeti la Village Voice makala kuhusu Riley na Harlem yake, ambayo ndiyo iliyoupa mtindo jina la new jack swing. Lakini kwa Sweat na kwa Bobby Brown, Riley alikuwa fundi anayefanya kazi kwenye nyumba ya mtu. Guy ilikuwa nyumba yake.

Mwanakanda aliandika tena:

Nawashukuru sana. Habari ya Gatling imeniridhisha kabisa, na maelezo ya FundiMitambo kuhusu vipande vilivyocheleweshwa yamenifanya niisikilize "Groove Me" tena na kuisikia kwa namna nyingine.

Bado nina swali. Ikiwa walikwisha kuachana na msimamizi wao kabla ya albamu ya pili, na The Future ya Novemba 1990 ikafanya vizuri sokoni, basi tatizo la mkataba lilikuwa limeondoka au angalau limepungua. Kwa nini wasiendelee? Na ile albamu ya 2000 tuichukulieje?

BabaRekodi alijibu:

Mkataba ulivunjika, lakini vilivyovunjika pamoja nao havikurudi. Tazama jinsi mambo yalivyofuatana.

Mwaka 1989 Guy walikuwa katika ziara pamoja na kundi la New Edition. Mwezi Julai, mjini Pittsburgh, mabishano kati ya watu wa misafara hiyo miwili yaliishia kwa mlinzi wa Guy kupigwa risasi na kufa, na aliyefyatua alikuwa mfanyakazi wa upande wa New Edition. Mwaka uliofuata, 1990, mdogo wake Riley, Brandon Mitchell, mmoja wa waanzilishi wa kundi la Wrecks-N-Effect, naye aliuawa kwa risasi. Kwa hiyo The Future ilirekodiwa na watu waliokuwa katikati ya kesi za fedha na msiba juu ya msiba. Ukiijua habari hiyo, utashangaa kwamba albamu ile ina "Let's Chill" ndani yake, wimbo mtulivu kiasi kile, ambao Riley aliutunga akisaidiana na Bernard Belle. Utashangaa pia jinsi "Do Me Right" na "Wanna Get With U" zilivyo na uchangamfu. Mimi naiona The Future kuwa kazi iliyotawanyika zaidi kuliko ya kwanza, yenye nyimbo nyingi kupita kiasi, lakini nyimbo zake bora zinasimama bega kwa bega na zile za 1988.

Mwaka 1991 walionekana jukwaani katika filamu ya New Jack City, ambayo Barry Michael Cooper yuleyule aliyetajwa hapo juu alikuwa mmoja wa waandishi wake, nao wakaimba wimbo wenye jina la filamu hiyo. Watu wengi nje ya Marekani waliwaona kwa mara ya kwanza pale, na kumbe walikuwa wakiwaona mwishoni.

Baada ya hapo kila mmoja alishika njia yake. Riley aliitwa na Michael Jackson, na nyimbo kama "Remember the Time" na "Jam" zikatokana na kazi hiyo. Alihamia Virginia Beach, akajenga studio huko, na katika eneo hilohilo akawagundua vijana wa shule waliokuja kujulikana kama watayarishaji The Neptunes, mmoja wao akiwa Pharrell Williams. Kisha akaunda Blackstreet, ambao albamu yao ya kwanza ilitoka 1994 na ambao "No Diggity" yao ilishika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1996. Aaron Hall alitoa "Don't Be Afraid", wimbo uliokuwa katika filamu ya Juice na kuongoza chati ya R&B mwaka 1992, kisha albamu yake The Truth ya 1993 iliyobeba "I Miss You". Damion Hall naye alitoa albamu yake mwaka 1994, yenye "Satisfy You" alioimba na Chanté Moore. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekwenda kukaa nyumbani. Hivyo jibu langu kwa "kwa nini wasiendelee" ni kwamba wote watatu walikuwa na kazi nje ya kundi, na ndani ya kundi kulikuwa na mambo ya kuumiza.

FundiMitambo alijibu:

Naomba niseme kidogo kuhusu Guy III ya Januari 2000, kwa kuwa hupuuzwa. "Dancin'" ulifika nafasi ya 19 katika chati kuu ya nyimbo ya jarida la Billboard la Marekani, na hakuna wimbo mwingine wa Guy uliopanda juu hivyo katika chati hiyo, hata wa wakati wao wa kutamba. Sababu ni kwamba umaarufu wao wa 1988 hadi 1991 ulikuwa katika chati za R&B, ambako albamu ya kwanza ilishika nafasi ya kwanza, ilhali katika chati kuu ya albamu iliishia nafasi ya 27.

Kwa upande wa mpangilio, "Dancin'" hauna ule uyumbaji niliouelezea. Ngoma zake ni za R&B ya mwishoni mwa miaka ya 1990, zimenyooka zaidi na zina nafasi kubwa zaidi katikati, na anayetegemea kusikia "Groove Me" nyingine hataisikia. Riley alikuwa amekwisha kuuacha mtindo ule tangu siku za Blackstreet, naye hakukubali kuurudia kwa ajili ya kumbukumbu tu. Mimi namheshimu kwa hilo, ingawa najua wengi walitaka kinyume chake.

Dada_Sauti alijibu:

Nami nimalizie upande wangu kwa kulijibu swali la Mwanakanda kutoka kwa waliobaki Uptown. Kampuni ya Andre Harrell haikukaa ikiwasubiri Guy. Mwaka uleule wa 1991 iliwatoa Jodeci, ndugu wawili wawili kutoka familia mbili zilizolelewa kanisani, kwa albamu ya Forever My Lady. Sikilizeni namna K-Ci, mwimbaji wao, anavyoikwaruza sauti yake na kuuvunja mstari katikati ili aanze kusihi, halafu rudini kwenye "Goodbye Love" ya 1988 mumsikilize Aaron Hall katika dakika za mwisho. Sisemi kwamba K-Ci alijifunza kwake moja kwa moja, kwa maana wote wamenywa katika kisima cha injili. Ninachosema ni kwamba Hall ndiye aliyeionyesha kampuni ile, na redio za R&B kwa jumla, kwamba kijana wa mjini aliyevaa kama wana-hip hop anaweza kuimba kwa machozi na uchungu wa namna hiyo na watu wakanunua.

Kwa anayeanza kuwasikiliza, ningemshauri asianze na mkusanyiko wa nyimbo bora. Aichukue albamu ya 1988 nzima, aisikilize kwa mpangilio wake, na atakapofika "Piece of My Love" aongeze sauti kidogo ili awasikie waitikiaji vizuri.